Maya Deren: filamu bila kampuni

Wadau, leo namleta Maya Deren. Mwaka 1943 yeye na mumewe, Alexander Hammid, walitengeneza "Meshes of the Afternoon" nyumbani kwao Los Angeles, kwa kamera ya milimita 16. Ni dakika 14 hivi: ufunguo, kisu, mtu mwenye uso wa kioo. Mambo yanajirudia kama ndotoni, kwa hiyo usihangaike kutafuta mwisho.

Majumba ya sinema hayakuwa na nafasi ya kazi kama hiyo. Basi 1946 akakodi ukumbi wa Provincetown Playhouse, New York, akaonyesha mwenyewe. Amos Vogel akavutiwa na mfano huo, na 1947 akaanzisha klabu ya Cinema 16.

Mimi naona kutengeneza ni nusu tu ya kazi. Ukiipenda, mwonyeshe na mwenzio.