Neno la Wiki: Daftari

Askari wa usalama barabarani anapompiga dereva tochi ya kupima mwendo katika Barabara ya Kilwa, hapa Temeke, ambapo mwendo ulioruhusiwa penye makazi hauzidi kilomita 50 kwa saa, kipimo kile, kisipoandikwa pamoja na tarehe, saa na mahali pake, hubaki tarakimu yatima isiyofaa kwa ushahidi. Pahali pa kuzihifadhi tarakimu hizo ndani ya kompyuta wengi hupaita folda. Mimi nastahabu daftari, neno tuliloletewa na Kiarabu, na ambalo asili yake ya mbali, katika Kiyunani, ni ngozi, kwani juu ya ngozi ndiko watu wa kale walikoandika. Na daftari, tangu zama za majahazi, ndilo lililotunza amana za wafanyabiashara wa pwani yetu.