Mgomo wa Wachezaji wa Kandanda nchini Ajentina (1948-1949) na Matokeo Yake

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyokanushwa nchini Ajentina katikati ya karne ya ishirini, pale wachezaji waliopendwa na umma mzima walipokosa kutunzwa kwao, wakagoma, kisha wengi wakaenda kutunzwa ugenini. Kwa kawaida wanahistoria huchunguza migomo ya wachimba madini, ya wafanyakazi wa reli na ya makuli wa bandarini. Mgomo wa wachezaji mpira huachiwa waandishi wa habari za michezo, kana kwamba mchezo si kazi. Lakini mtu anayelipwa mshahara ili acheze ni mfanyakazi, na mwenye kumlipa ni mwajiri. Tukikubali hilo, hatuna budi kuuliza: mkataba wa mchezaji ukiisha, je, miguu yake ni yake mwenyewe au ni mali ya klabu?

2. Chimbuko la mgogoro

Mgogoro huu haukuzuka ghafla. Tayari mwaka 1931 wachezaji wa Ajentina walikuwa wamegoma wakidai uhuru wa kuhama kutoka klabu moja hadi nyingine. Mgomo ule ulichangia kuzaliwa kwa ligi ya kulipwa mwaka uleule, ikiwa na klabu 18. Hata hivyo, mchezaji alipewa mshahara lakini hakupewa uhuru. Mkataba wake ulipokwisha, hakuweza kwenda kuchezea timu nyingine bila idhini ya klabu iliyomsajili. Klabu ilikuwa na hiari ya kumuuza, kumwacha au kumzuia.

Katika miaka ya 1940 viwanja vya Buenos Aires vilijaa watazamaji. Ajentina ilinyakua ubingwa wa Amerika ya Kusini mara tatu mfululizo, mwaka 1945, 1946 na 1947. Fedha ziliingia milangoni, lakini hazikuwafikia wote. Nyota wachache walilipwa vizuri, ilhali wenzao wa klabu ndogo walingoja mishahara iliyochelewa. Ndiyo maana mwaka 1944 wachezaji walikuwa wameunda chama chao, Futbolistas Argentinos Agremiados. Madai yao makuu yalikuwa matatu: chama kitambuliwe, kiwekwe kima cha chini cha mshahara, na mchezaji awe huru mkataba wake unapoisha. Inafaa kukumbuka kwamba hiyo ilikuwa enzi ya Rais Juan Perón, ambapo vyama vya wafanyakazi vilikuwa na sauti kubwa. Wachezaji nao waliona kuwa wakati wao umefika.

3. Msimu uliovunjika

Mazungumzo ya mwaka 1948 hayakuzaa matunda, na mwezi Novemba wachezaji waliweka viatu chini. Raundi chache tu za ligi zilikuwa zimebaki, na klabu ya Racing ilikuwa ikiongoza. Viongozi wa soka hawakukubali kuahirisha mechi. Waliamua msimu umalizwe na vijana na wachezaji wa ridhaa. Hivyo majina ya klabu na rangi za jezi zilibaki zilezile, lakini waliozivaa walikuwa wengine. Mwishowe Independiente ndiyo iliyotwaa ubingwa, na Racing iliyokuwa mbele ikaukosa.

Hapo ndipo panapoonekana uzito wa mgomo. Waajiri walidhani kwamba mtazamaji huipenda klabu, na kwamba mchezaji ni mtu wa kubadilishwa kama taa iliyoungua. Ratiba ilikamilika, na orodha ya mabingwa haina pengo la mwaka huo. Hata hivyo ushindani wenyewe ulikuwa umevunjika kabla ya raundi ya mwisho. Ng'ambo ya mto, nchini Urugwai, wachezaji nao waligoma mwaka huohuo, na huko ligi ya 1948 haikumalizika kabisa. Miongoni mwa viongozi wa mgomo huo alikuwamo Obdulio Varela, ambaye mwaka 1950 aliiongoza Urugwai kutwaa Kombe la Dunia.

Mgomo wa Ajentina ulimalizika mwaka 1949, lakini furaha haikurudi. Wakuu wa soka waliweka kikomo cha mishahara, na nyota wakaona kwamba mlango umefungwa mbele yao.

4. Kolombia: mlango uliofunguliwa

Mlango mmoja ulipofungwa Buenos Aires, mwingine ulifunguliwa Bogotá. Ligi ya kulipwa ya Kolombia ilikuwa imeanza mwaka 1948, mwaka uleule ambao nchi hiyo ilitikiswa na kuuawa kwa mwanasiasa Jorge Eliécer Gaitán. Ligi hiyo iligombana na chama cha soka cha nchi, na ikajikuta nje ya himaya ya FIFA. Adhabu hiyo iligeuka faida: kwa kuwa haikufungwa na kanuni za FIFA, klabu za Kolombia ziliweza kumsajili mchezaji yeyote bila kuilipa klabu yake ya zamani hata senti moja. Fedha ambazo zingelipwa klabu sasa ziliweza kulipwa mchezaji mwenyewe.

Mwaka 1949 Adolfo Pedernera, aliyekuwa mmoja wa vinara wa mgomo, alihamia klabu ya Millonarios. Alfredo Di Stéfano na Néstor Rossi wa River Plate walimfuata. Kuanzia mwaka 1949 hadi 1953 Millonarios ilitwaa ubingwa mara nne, na mwezi Machi 1952 iliifunga Real Madrid mabao 4-2 nyumbani kwake. Hata Waingereza, ambao mishahara yao iliwekewa kikomo na sheria za ligi yao, walivutwa na Bogotá. Mwaka 1950 Neil Franklin na George Mountford wa Stoke City, pamoja na Charlie Mitten wa Manchester United, walijiunga na Santa Fe.

Hali hiyo haikudumu. Kwa Mapatano ya Lima ya mwaka 1951, Kolombia ilikubaliwa kurudi katika FIFA kwa sharti kwamba wachezaji hao warejeshwe kwa klabu zao za awali ifikapo Oktoba 1954. Ndiyo sababu mwaka 1953 Barcelona ilipatana na River Plate na Real Madrid ikapatana na Millonarios, juu ya mtu mmoja, Di Stéfano. Hatimaye alichezea Madrid, akaisaidia kutwaa Kombe la Ulaya mara tano mfululizo.

Ajentina yenyewe haikushiriki Kombe la Dunia la 1950 wala la 1954. Iliporudi mwaka 1958, ilifungwa na Chekoslovakia mabao 6-1.

5. Hitimisho

Je, mgomo ulishindwa? Tukitazama msimu wa 1948 peke yake, jibu ni ndiyo: ligi iliendelea, na uhuru wa mkataba haukupatikana. Lakini tukitazama mbali zaidi, twaona kwamba waajiri walishinda mgomo wakapoteza wachezaji. Zaidi ya hayo, chama cha wachezaji hakikufa. Kingali kipo hadi leo.

Kwetu sisi Wakongomani habari hii si ya mbali. Mwepu Ilunga, beki wa timu ya Zaire katika Kombe la Dunia la 1974, alisimulia kwamba wachezaji walipogundua kuwa malipo yao hayatafika, walitaka kugoma wasicheze na Yugoslavia. Walicheza, wakafungwa 9-0. Kwa miaka mingi ulimwengu ulicheka matokeo hayo bila kuuliza habari ya malipo. Kumbe swali la Buenos Aires ndilo lilelile lililoulizwa na vijana wetu ugenini. Mwanahistoria wa michezo asiridhike kuhesabu mabao. Aulize pia ni nani aliyelipwa, na ni nani aliyenyimwa haki yake.