Canon 50mm f/0.95

Canon 50mm f/0.95 ni lenzi iliyotolewa nchini Japani mwaka 1961 pamoja na Canon 7, kamera ya filamu inayolengwa kwa kipimaumbali. Wapenzi wake huiita "lenzi ya ndoto". Ina vioo 7, na umbo lake ni nene kiasi cha kuziba pembe moja ya tundu la kutazamia. Kioo cha nyuma ni kikubwa mno hata ilibidi kikatwe ukingoni ili mkono wa kipimaumbali upate nafasi. Ukiipindua lenzi, mkato huo unauona wazi.

Tundu lake la mwanga likifunguliwa lote, haichori kwa ukali. Taa za nyuma huvimba, utandu mwororo hukaa juu ya ngozi, na zinazobaki dhahiri ni kope za jicho lililolengwa tu. Kwa vipimo vya maabara huo ni upungufu. Kwa picha ya uso ni uzuri ambao lenzi kamilifu za leo hazina. Mnunuzi achunguze kwanza ukungu na kuvu ndani ya vioo. Baadhi ya lenzi hizi zimechongwa upya kitako ili zishike kwenye kamera za Leica.