Mizidisho yenye masharti

Mizidisho yenye masharti, katika nadharia ya namba, ni njia za kuandika namba nzima kama zao la vigawo vikubwa kuliko 1 vinavyotimiza sharti fulani. Mpangilio hauhesabiwi: 2 × 6 na 6 × 2 ni mzidisho mmoja. Namba ikisimama peke yake nayo huhesabiwa.

Bila sharti lolote, 36 ina mizidisho 9: 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6, 2 × 2 × 9, 2 × 3 × 6, 3 × 3 × 4 na 2 × 2 × 3 × 3. Kigawo kikikatazwa kurudiwa, hubaki 5. Vigawo vinavyogawanyika kwa 4 au 9 vikiondolewa, yaani kusiwe na kigawo chenye mraba wa namba tasa ndani yake, hubaki 3. Vigawo vikitakiwa visiwe na kigawo cha shirika ila 1, hubaki 36 na 4 × 9 tu.

Kinachoamua idadi ni vipeo vya namba tasa, si namba tasa zenyewe. Ndiyo maana 12 (2² × 3) na 18 (2 × 3²) zote zina mizidisho 4. Namba tasa ikiwa moja tu, kuzidisha hugeuka kujumlisha: 64, yaani 2⁶, ina mizidisho 11, sawasawa na njia za kuandika 6 kama jumla. Namba tasa zikiwa tofauti na kila moja ikitokea mara moja, hupatikana namba za Bell: 30 ina mizidisho 5, na 210 ina 15.

Mwaka 1983 John Hughes na Jeffrey Shallit walikisia kwamba, kwa n kubwa kuliko 1, idadi isiyo na masharti haizidi n ikigawanywa kwa logi asilia ya n, isipokuwa kwa 144. Dodd na Mattics walithibitisha hilo mwaka 1987. Namba 144 huvuka mpaka kwa unywele: ina mizidisho 29, na mpaka wake ni takribani 28.97.

Hesabu hii hufichua pia namba zenye idadi maalumu ya vigawo. Ukipunguza 1 katika kila kigawo cha mzidisho wa 12, unapata vipeo vya namba yenye vigawo 12 kamili. Kutoka 12, 6 × 2, 4 × 3 na 3 × 2 × 2, namba ndogo kabisa za kila aina ni 2048, 96, 72 na 60. Sharti la kutorudia huondoa aina ya 60 peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee yenye vipeo viwili vinavyolingana.