Eksaifnes

Eksaifnes (ἐξαίφνης) ni kielezi cha Kigiriki cha kale chenye maana ya "ghafula". Hutaja jambo linalotokea bila kubisha hodi. Ndugu yake eksapines amo katika tenzi za Homeros.

Kwa Plato

Mwanafalsafa Plato ndiye aliyekigeuza kielezi kuwa nomino. Katika *Parmenides* anauliza: kilichotulia kikianza kwenda, hugeuka wakati gani? Tuseme ni mtumbwi gatini. Kabla ya kugeuka umetulia, baada yake unakwenda; katikati hapana muda wowote. Hapo pasipo na muda Plato anapaita "ile ghafula". Katika *Symposion* neno hilohilo linamshukia mpenzi anayeuona uzuri wenyewe baada ya safari ndefu ya kujifunza. Mwaka 1844 Søren Kierkegaard wa Denmark aliirudia hoja ya *Parmenides* alipoandika kuhusu wasiwasi.

Katika Biblia

Agano Jipya lina eksaifnes mara 5 tu: moja kwa Marko, nne kwa Luka, ukihesabu na Matendo ya Mitume. Sauli anamulikwa na nuru njiani kwenda Dameski; jeshi la mbinguni linawatokea wachungaji.

Kiswahili kimeligawa neno hilo. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inamwangazia Sauli "ghafula", lakini wachungaji wanatokewa "mara". Hilo la pili ni jepesi mno, kwa kuwa "mara" hubeba pia euthys, "papo hapo", neno analolipenda sana Marko.

"Ghafula" ina uzito wake. Imetoka katika Kiarabu ghafla, hali ya kutojihadhari, na ni ya ukoo mmoja na kughafilika na mghafala. Kigiriki hutazama tukio. Kiswahili humnyooshea kidole aliyekutwa hajajiandaa. Ndiyo maana neno "ghafula" linakaa vizuri mno katika Marko 13:36, bwana wa nyumba anaporudi na kukuta watu wamelala.

Isangi

Si kila lugha iliyokutana na Kiswahili iliazima "ghafula". Isangi, mahali mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, chini ya Kisangani, Kiswahili kilifika na misafara ya biashara ya zama za mfanyabiashara Tippu Tip, karne ya 19, kikakuta lugha za mtoni kama Kilokele. Leo Lingala ina nguvu zaidi, na "ghafula" yake ni mbalakaka, neno lisilo na deni kwa Mwarabu wala Mgiriki.

Matumizi ya sasa

Wanafunzi wa teolojia na falsafa hukutana na neno eksaifnes darasani.