Taya la mtoto, kutoka Mulago hadi Nakivale



Mwaka jana mtoto wa jirani yetu alivimba taya. Mama yake alidhani ni jino, na mimi mwenye fulana ya afya nikasema ndiyo, ni jino. Tukapaka majani wiki tatu. Kumbe ni kansa. Aibu ile ndiyo ilinifanya nitafute historia yake.

Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ayalandi, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Muda si mrefu akaona mwingine Jinja. Mwaka 1958 akaandika habari zake, na 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini. Uvimbe ulikuwa sehemu za joto na mvua; kwenye milima mirefu haukuonekana. Yaani kama malaria vile.

London nako, Epstein, Achong na Barr walikuza maabara seli za vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na 1964 wakaona kirusi ndani yake. Lakini kirusi hicho karibu sisi wote tuko nacho. Sasa mbona anaugua mmoja tu?

Tazama seli zinazotengeneza kingamwili. Zikipewa ishara na askari wenzao kwamba mdudu ameingia, zinawasha protini inaitwa AID, iliyogunduliwa Japani 1999 katika maabara ya Tasuku Honjo. AID inakwaruza DNA makusudi, ili kingamwili ibadilike na kumshika mdudu vizuri. Wakati huo mafundi wa DNA wanalegezwa: ni kama unavunja ukuta uweke mlango, fundi anaambiwa asikimbilie kuziba. Siku mbaya, mkato unatokea pasipotakiwa. Kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa kwenye ya 14, na jeni MYC, inayoamuru seli igawanyike, inakaa kwenye swichi isiyozimika. Malaria ya kila mara inaziweka seli hizo kazini bila kupumzika, na kirusi kinazuia seli iliyoharibika isife.

Kwa hiyo neti, jamani, tusivulie samaki. Na taya likivimba, msiningoje mimi niseme ni jino.

Mtoto alipelekwa Mbarara, akawekewa dripu. Uvimbe umesinyaa, miadi bado iko miwili. Jana nilimkuta anatafuna mahindi ya kuchoma, upande uleule.