Jimbo la Viti Vingi na Namna ya Kusoma Matokeo Yake

Mtanzania amezoea jimbo moja kutoa mbunge mmoja. Matokeo ya Kongwa au Kibakwe husomwa kwa pumzi moja: mgombea huyu kura kadhaa, yule kura kadhaa, aliyeongoza ametangazwa mshindi, habari imekwisha. Upo, hata hivyo, uchaguzi wa namna nyingine ambao wapiga kura wale wale, katika eneo lile lile na kwa wakati mmoja, hujaza viti zaidi ya kimoja. Mwanakijiji wa Chamwino au Bahi anaushiriki kila baada ya miaka mitano, maana mbali na mwenyekiti huchagua pia wajumbe wa halmashauri ya kijiji, chombo ambacho sheria inakitaka kiwe na wajumbe 15 hadi 25. Wabunge wanaokutana Dodoma nao huufanya wanapochagua Watanzania tisa wa kwenda Arusha kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Eneo la uchaguzi wa aina hii ndilo ninaloliita jimbo la viti vingi. Hoja yangu ni kwamba istilahi hii ni sahihi lakini haijitoshelezi. Matokeo ya jimbo la viti vingi hayaeleweki mpaka msomaji aambiwe viti vilijazwa kwa kanuni gani, na anayeyatangaza bila kuitaja kanuni hiyo ametoa nusu ya habari.

Tuanze na jina lenyewe. Neno “jimbo” limebeba maana zaidi ya moja. Kanisa Katoliki hulitumia kwa eneo la askofu, na Wakongo wengi hulitumia kwa kile tunachokiita mkoa. Katika Tanganyika ya kikoloni nalo lilitaja eneo kubwa la utawala: Jimbo la Kati, makao yake makuu Dodoma, lilikusanya Ugogo, Urangi, Unyaturu na Unyiramba. Baada ya uhuru majimbo hayo yaligawanywa kuwa mikoa, na neno likabaki zaidi kwenye uchaguzi. Wapo watakaopendelea kusema “jimbo la wabunge wengi”, nami naona jina hilo linabana mno. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji si wabunge, ilhali utaratibu wa kuwapata ni wa aina hii hii. Zaidi ya hayo, kinachohesabiwa ni nafasi zilizopo kabla hata mgombea hajachukua fomu. Neno “kiti” tayari linafanya kazi hiyo kwetu: tunasema viti maalum, tunasema kugombea kiti, tunasema kiti kiko wazi. Mkenya anayesema “eneo bunge” anaweza kusema “eneo bunge la viti vingi” na maana isipotee.

Jambo hili si geni kwetu kihistoria. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuwa wa majimbo kumi yenye viti vitatu kila moja: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Jimbo la Kati lilikuwa miongoni mwa yale ya awamu ya pili. Waliokidhi masharti ya kipato, elimu au wadhifa ndio waliopiga kura, na kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Karatasi iliyopungukiwa ilikuwa imeharibika. Watu waliuita utaratibu huo “kura tatu”. Wengi ndani ya TANU waliuona kuwa mtego, na katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Julius Nyerere alifanya kazi kubwa kuwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuanzisha African National Congress. Gavana Edward Twining na serikali yake walikusudia mizani ya rangi. Walichosahau ni kwamba kiti cha Mzungu na kiti cha Mwasia havikuwa vikipigiwa kura na Wazungu na Waasia peke yao. Wapiga kura wote walivipigia, na wengi wao walikuwa Waafrika. Kwa hiyo TANU, ambayo wakati huo haikuwa na mwanachama Mzungu wala Mwasia, iliweza kuamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi waingie barazani. Wagombea wake, pamoja na wale iliowaunga mkono, walizoa karibu viti vyote, na chama cha UTP, kilichotegemewa kuizuia, kikaporomoka.

Fundisho la kura tatu linazidi historia ya kupigania uhuru. Linatuonyesha kanuni ninayopendekeza iitwe kura ya mkupuo: kila mpiga kura ana alama nyingi sawa na idadi ya viti, na wanaoongoza kwa kura ndio washindi, mpaka viti viishe. Tuchukue ukumbi wa kufikirika wenye wapiga kura 300 na viti tisa, kila mmoja akiwa na alama tisa za kuweka. Kambi moja ina watu 180, nyingine 120, na kila kambi inafuata msimamo wake. Wagombea tisa wa kambi ya kwanza watapata kura 180 kila mmoja, na tisa wa kambi ya pili watapata 120 kila mmoja. Kambi yenye asilimia 60 ya watu itaondoka na asilimia 100 ya viti. Tukibadili kanuni tu, tukagawa viti kwa uwiano, wapiga kura 33 na kitu watastahili kiti kimoja. Kambi ya kwanza itapata viti vitano na ya pili vinne. Watu ni wale wale na msimamo wao haujabadilika. Kilichobadilika ni kanuni.

Hata hesabu ya asilimia inadai uangalifu. Katika jimbo la kiti kimoja idadi ya kura halali na idadi ya waliozipiga vizuri ni kitu kimoja. Katika ukumbi ule, watu 300 walipiga kura 2,700. Tuseme sasa kambi hazikufuata msimamo: mgombea aliyepata kura 270 ana asilimia 90 ukigawa kwa watu, na asilimia 10 ukigawa kwa kura. Mwandishi mmoja atasema kapendwa na karibu kila mtu, mwingine ataandika kwamba kaambulia sehemu ndogo, na wote wawili wametumia tarakimu sahihi. Ndiyo maana taarifa ya matokeo ya jimbo la viti vingi haina budi kutenganisha wapiga kura, karatasi na kura. Kiswahili kinayo maneno hayo matatu tangu zamani. Kinachotakiwa ni kuyatumia kwa nidhamu.

Sasa tuitazame Dodoma. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara ya 50, unalitaka bunge la kila nchi mwanachama lichague watu tisa wasio wabunge wake, na kadiri inavyowezekana tisa hao wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo tofauti, jinsia na makundi mengine yenye masilahi maalum. Utaratibu wenyewe umeachiwa bunge la nchi husika. Maana yake Tanzania nzima ni jimbo moja la viti tisa, na wapiga kura wake ni wabunge. Aprili 2012 Bunge lilikuwa na wabunge takribani 350. CHADEMA, iliyokuwa na wabunge 48, ndiyo iliyoongoza kambi rasmi ya upinzani. Gawanya 350 kwa tisa: kila wabunge 39 hivi wanastahili kiti kimoja. CHADEMA ilivuka kiwango hicho, lakini haikupata kiti hata kimoja. Viti viwili vya upinzani vilikwenda kwa Twaha Taslima wa CUF na Nderakindo Kessy wa NCCR-Mageuzi, chama kilichokuwa kimeshinda majimbo manne tu mwaka 2010. Aliyetazama jumla ya viti vya chama tawala na vya upinzani aliona mgao wa kuridhisha. Aliyetazama ndani ya upinzani aliona kwamba kura za chama chenye wabunge wengi ndizo zilizoamua wapinzani wepi waende Arusha. Antony Komu, aliyekuwa mgombea wa CHADEMA, alilipeleka suala hilo kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2017 mgao kati ya vyama ulifuata uwiano: CCM viti sita, CHADEMA viwili, CUF kimoja. Mtu angedhani tatizo limekwisha. Lakini CHADEMA ilipoleta majina mawili kwa viti vyake viwili, Ezekiel Wenje na Lawrence Masha, Bunge liliwapigia kura za ndiyo na hapana mwezi Aprili, na wote wawili wakakataliwa. Chama kilirudi Mei na orodha ndefu zaidi, na waliochaguliwa ni Josephine Lemoyan na Pamela Maassay. Hapa kanuni mbili zilifanya kazi kwa wakati mmoja: viti viligawanywa kwa uwiano, watu wakachaguliwa kwa mkupuo. Uwiano ulikihakikishia chama idadi yake, na mkupuo ukaacha uamuzi wa nani wavikalie viti hivyo mikononi mwa wabunge ambao wengi wao si wa chama hicho. Anayesema tu kwamba “CHADEMA ilipata viti viwili” hajakosea, ila amenyamazia nusu iliyo nzito zaidi.

Atajitokeza mtu aseme: wengi wape. Demokrasia ni sauti ya wengi, na bunge lina haki ya kumkataa mgombea lisiyemwona kuwa anafaa. Naikubali haki hiyo pale ambapo kiti ni kimoja, kwa sababu kiti kimoja hakigawanyiki. Penye viti tisa swali linabadilika. Kama nia ni wengi kuchukua vyote, ibara ya 50 isingehitaji kutaja vyama, mitazamo na jinsia. Viti viliwekwa vingi ili sauti zaidi ya moja zisikike, na kanuni inayomwachia mwenye wengi achague hata sauti za wenzake inakwenda kinyume na sababu ya kuwapo kwa viti hivyo. Jambo hili halina chama. Mwaka 1959 kanuni hiyo ilikibeba chama cha ukombozi dhidi ya mpango wa kikoloni, na miaka zaidi ya hamsini baadaye ikalibeba kundi kubwa dhidi ya dogo. Hukumu yetu juu ya kanuni isitegemee tunampenda nani kati ya wanaofaidika nayo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: ukiachia uwiano, viongozi wa vyama watagawana viti wenyewe na uchaguzi utakuwa jina tupu. Hofu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2006 majina ya wajumbe wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki yalipatikana kwa vyama kuyapeleka, bila wabunge kupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda mahakamani Arusha, na Machi 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba uchaguzi unaotakiwa na Mkataba haukuwa umefanyika. Uamuzi huo ulikataza uteuzi kuvishwa joho la uchaguzi; haukukataza uwiano, na mambo hayo mawili hayapaswi kuchanganywa. Kongo inatoa mfano wa njia nyingine. Kwenye majimbo yake ya uchaguzi yenye viti zaidi ya kimoja, viti hugawanywa kwa orodha kulingana na kura zake, na mpiga kura humchagua mtu ndani ya orodha, si chama kitupu. Penye kiti kimoja mwenye kura nyingi hushinda. Njia hiyo nayo ina gharama, kwa kuwa vyama vidogo hujaa bungeni, na sheria ya 2017 ilibidi iweke kizingiti cha asilimia moja ya kura za nchi nzima. Kizingiti si kigeni kwetu: viti maalum vya wanawake katika Bunge letu hutolewa kwa chama kilichofikisha asilimia tano ya kura halali. Uwiano, basi, tayari tunao, na kuurekebisha tunajua.

Wengine watalalamika kwamba kuongeza “kwa mkupuo” au “kwa uwiano” kila inapotajwa “jimbo la viti vingi” kunarefusha istilahi. Kunairefusha kweli. Lakini kazi ya istilahi ni kubeba maana yote inayohitajika, na hapa maana haikamiliki bila nyongeza hiyo. Nawaomba, kwa hiyo, wanaotangaza na kuandika matokeo, kuanzia msimamizi wa uchaguzi wa kijiji hadi mwandishi wa habari za Bunge, waeleze mambo manne kila mara: viti ni vingapi, kila mpiga kura ana alama ngapi, wangapi walipiga kura, na viti vimejazwa kwa mkupuo au kwa uwiano. Nawe msomaji, usipoyaona manne hayo kwenye taarifa ya matokeo, yadai.